Ngoma ya Kufunga kwenye Ncha ya Kitenge

Vijana wa Kisangani wanafikiri simu ya mufukoni ililetwa na wale watu wa kampuni waliosimamisha munara karibu na soko. Mimi nasema hapana. Habari yake niliisikia mwaka wa uhuru, nyuma ya ukuta wa matete, na aliyeniambia alikuwa mama mukwe wangu, mwanamuke wa wavuvi wa maporomoko, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, hata kwa kufagia.

Wajukuu wameniomba niandike. Bon, naandika. Lakini mimi nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, kisha wakanifukuza juu ya mayai ya bata, na hiyo ni habari ingine, na bata wenyewe hawakuwa wa mapadri. Donc musitafute hapa kalamu ya mutu wa universite. Mutafute ukweli, hata pale unaponiangusha mimi mwenyewe.

Kwanza mujue kazi yangu. Nilikuwa mutu wa waya. Ile wakati telefone ilifuata reli, kituo kwa kituo, toka Kisangani mpaka Ubundu, kule reli inakwisha na watu wanapanda mashua kwenda juu ya mto. Kazi yangu ilikuwa kupanda nguzo, kukata matawi yaliyogusa waya, na kubadilisha vile vikombe vyeupe vya udongo ambavyo waya inakalia. Nilikuwa na viatu vya meno ya chuma na mukanda mupana wa ngozi. Nikipita sokoni na ule mukanda, nilitembea kama daktari. Niliacha mukanda kiunoni hata siku ya mapumziko. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, musinihukumu.

Sisi ni Waungwana, wale wa familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na biashara ya zamani wakabaki hapa. Papa yangu alishona kanzu na kofia. Nilipomwambia nataka kuoa binti ya wavuvi wa maporomoko, aliweka sindano chini.

"Unataka kuoa kwa watu wa samaki?"

"Papa, hii nyumba inakula samaki kila siku."

"Kula ni kula. Kuoa ni kuoa." Lakini alicheka, na papa akicheka mambo yamekwisha. Nikaoa.

Sasa kule kwa muke wangu kuna desturi. Mwanaume na mama wa muke wake hawatazamani uso, hawali pamoja, na hawatajani jina. Wanaitana bokilo, maana yake mukwe, basi. Kwa hiyo katika kiwanja chao, pale maji yanapiga kelele mpaka unazoea, walisimamisha ukuta wa matete. Yeye upande wake na moto wa kukausha samaki, mimi upande wangu na kiti. Wakwe wengine wanaheshimiana kwa kunyamaza. Mama mukwe wangu alikuwa anaheshimu kwa kusema sana. Uso wake nilikuwa siujui vizuri, lakini sauti yake ningeitambua chini ya maji.

Mwaka ule wa uhuru kila mutu alikuwa anasema kesho itakuwa namna gani. Mumoja anasema kila mutu atapata gari ya muzungu. Mwingine anasema kodi imekufa. Kulikuwa na mushona viatu mumoja aliyechimba shimo nyuma ya nyumba, anasema ni ya kupokea uhuru, na shimo lile likaja kuvunja muguu wa mbuzi. Mimi nikakaa kwenye kiti changu, nikaanza kumueleza mama mukwe telefone, juu nilitaka ajue binti yake ameolewa na nani.

"Bokilo," akaniuliza toka upande ule, "hiyo waya yako ikikatika, sauti inaanguka chini?"

"Haianguki, mama. Inakufa tu."

"Hm. Na nani anasemea ndani?"

"Chef wa kituo. Na wakubwa wa reli. Na daktari, siku zingine."

"Na wewe?"

Nilikuwa nimepanda zile nguzo miaka, sijasemea ndani hata neno moja.

"Alors," akasema, "wewe unapanda miti isiyozaa."

Upande ule wanawake walikuwa wengi, madada zake na majirani. Walicheka mpaka samaki mumoja akaungua. Nikasikia mwenyewe anamupindua, anapuliza vidole, kisha akaendelea kama mutu aliyefikiri kitu hiki siku nyingi.

"Sikia, bokilo. Lokole ya kaka yangu haina waya."

Lokole ni ile ngoma yetu ya muti uliochimbwa, yenye mudomo murefu juu, upande mumoja sauti ya kiume, upande wa pili sauti ya kike. Kaka yake alikuwa mupigaji wa pale maporomoko. Akipiga, kijiji cha mbele kinasikia, kinapiga, cha mbele kinapokea, na habari inakwenda juu ya mto bila kuvaa kiatu.

"Na kila mutu iko na jina lake la ngoma," akasema. "Hata tukiwa wanawake mia ku mto, wakipiga langu, ni mimi peke yangu nitainua kichwa. Sasa wazungu wako na akili ya chuma. Sisi tuko na akili ya jina. Siku moja kutakuja mutu atachanganya hizi mbili. Itakuwa lokole ndogo, kama kile kikombe cheupe cha waya yako ambacho natilia chumvi. Nitaifunga hapa, kwenye ncha ya kitenge, pamoja na feza yangu. Itaita jina langu tu, na mimi nitajibu nikiwa napindua samaki."

"Bila waya, mama?"

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Kuna waya hapa?"

"Kuna ukuta."

"Ukuta unaficha uso tu. Na hiyo njo uzuri yake! Wakati ule wakwe wa dunia muzima watasemezana bila haya." Akapuliza moto. "Lakini watu watakuwa waongo sana. Ku lokole mutu anaogopa kudanganya, juu muji muzima unasikia. Ku ile ndogo itakuwa mutu na sikio lake tu. Atasema niko njiani, kumbe bado anakula."

Nilibeba maneno haya mpaka kazini. Wenzangu walicheka. Chef wa timu yetu akasema nimwambie mama mukwe wangu aache kuvuta kile anavuta. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kuliko wote, na mukanda wangu kiunoni.

Juu hakuweza kutaja jina langu kwa mudomo, alinitafutia jina la ngoma. Munafikiri alinipa jina la simba, ama la chui? Alinipa: Mupanda miti isiyozaa, mume wa binti ya maji yenye kelele. Kaka yake, ambaye mimi namuita tonton, aliniita siku moja akanipigia, nisikie. Akapiga mara mbili, akanitazama.

"Umeshika?"

"Nimeshika, tonton."

Sikushika kitu. Nilisikiliza kama mutu anavyosikiliza mvua. Nilifikiri, mimi mutu wa telefone, nitafanya nini na muti wenye tumbo? Hapa ndipo kosa langu lilizaliwa, na lilikuja kukomaa miaka michache mbele.

Uasi ulipofika, muke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka. Zoruba ilikuwa imeangusha nguzo karibu na Ubundu, wakanituma na treni ya kazi. Siku nne, walisema. Siku ya tatu waasi wakaingia Kisangani, wale vijana wenye majani kichwani, na treni haikutembea tena. Chef wa kituo cha Ubundu alizungusha mukono wa telefone, akazungusha, akazungusha, mpaka shati ikamushika mugongoni. Hakuna. Nilimutazama yule mutu anazungusha, na ile waya ni mimi nimeifunga. Nilisikia aibu kama ni mimi nimekuwa bubu.

Kisha akaja mwenzangu wa kazi, ametembea kwa miguu toka kule, midomo imepasuka. Nikamuuliza watu wa maporomoko.

"Wamekwisha," akasema.

"Uliona?"

"Moshi niliuona. Wote wameingia ku maji. Ndugu yangu, usirudi. Kuna mashua inakwenda juu, upande wa Kindu. Nimetupatia nafasi mbili. Baada ya siku tano tunaondoka."

Nilimuamini. Nataka mujue hivyo: sikulia hata, nilikuwa kama muti. Nilisema ndiyo. Kama ningepanda ile mashua, nisingerudi. Najua wanaume waliopanda, wakaoa kule, na wazee wao hapa wakaweka matanga bila maiti.

Siku zile za kungoja, nilikuwa nakula kwa mama mumoja pale bandarini, aliyeuza lituma, zile ndizi za kutwanga, na samaki. Asubuhi lokole inalia toka chini ya mto, ile ya Ubundu inapokea, inarudia. Jioni tena. Siku ya kwanza nilisikia. Siku ya pili nilisikia, nikapiga miayo. Siku ya tatu yule mama wa lituma akatupa mwiko ndani ya sufuria.

"Lakini huyu ni mutu gani hana adabu hivi? Siku tatu mama wa watu anamuita!"

"Wanaita nani?" nikauliza, na donge la lituma iko mukononi.

"Nitajua? Mutu anapanda miti isiyozaa. Mutu mwenye akili, muti hauna matunda, anatafuta nini kule juu?"

Nilisimama. Lituma ikaanguka ndani ya muchuzi.

"Mume wa nani?" nikasema. "Wanasema mume wa nani?"

"Wa binti ya maji yenye kelele." Akanitazama mukanda, akatazama vile viatu vya meno vilivyofungwa kwenye mufuko wangu. Akaweka mikono kichwani. "Yesu! Iko hapa! Iko hapa anakula!"

"Mama, wanasema nini ingine?"

"Wanasema mutoto ametoka ku giza. Mama yake iko na pumzi. Wanasema wewe usivuke maji ingine."

Usivuke maji ingine. Yule mwanamuke, alikuwa kule katikati ya vita, na alijua mimi niko karibu kukimbia.

Nilikimbia kwa muzee wa lokole wa Ubundu, mutu mwembamba, viwiko kama panga.

"Njo wewe mupanda miti?" akasema. "Mikono yangu imevimba juu yako."

"Papa, nisamehe. Nipigie: ninakuja."

"Lokole haijui 'ninakuja'. Ni fupi, itazama ku maji. Inasema hivi: miguu yangu imekamata njia, kichwa changu kinatazama nyumba. Nipige?"

"Piga, papa."

"Lakini umekamata njia kweli? Mimi sipigi uongo."

"Nimekamata."

Nilimuacha na tumbako yangu yote, na yeye akapiga. Niliisikia ya mbele inapokea, kisha nyingine mbali, ndogo kama kidole kinagonga mulango. Pale ndipo nililia. Kisha, na ninaandika juu niliahidi ukweli, nilirudi kumaliza ile lituma. Na sikuondoka siku ile. Wala siku ya pili. Watu walikuwa wanafika wanasema waasi wako ku reli, wanachinja kila mutu mwenye mukanda wa kampuni. Miguu yangu haikukamata njia, ilikamata meza. Siku ya mashua nilisimama ukingoni, nikamuona mwenzangu anakaa, nafasi yangu kando yake tupu, ananipungia mukono kama mutu anafukuza nzi. Mashua ikakunja kona. Hapo nikavua mukanda, nikauficha chini ya bati la kituo, nikageuka.

Nilitembea siku tano. Waya ilikuwa imelala ndani ya majani kando ya reli, vikombe vyeupe vimevunjika, na mimi napita juu ya kazi yangu kama mutu anapita juu ya nguo zake mwenyewe. Lakini sikieni ajabu. Katika kila kijiji nilichofika, watu walikuwa wananijua.

"Ni wewe mupanda miti?"

"Ni mimi."

"Umechelewa, eh. Wanasema uko njiani tangu juzi."

Na wananipa maji, wananipa muhogo, wananionyesha njia ya kuzunguka pale waasi walipokaa. Kijiji kimoja bibi kizee alinipiga kofi kidogo ya mugongo: "Kimbia, mutoto wako anakungoja." Mimi, ambaye sikuwa na jina nje ya mutaa wangu, nilivuka vita muzima mikononi mwa watu, juu ya jina moja la ngoma. Telefone ya wazungu ilikuwa chini ya majani. Ya mama mukwe wangu ilikuwa inafanya kazi. Toka siku ile sikuwa na aibu tena ya kusema mimi ni mukwe wa nani.

Nilifika. Moshi aliouona mwenzangu ulikuwa wa nyumba chache tu ukingoni. Muke wangu alikuwa kivulini, mutoto musichana kifuani. Akanieleza. Siku mbili za kwanza tonton ndiye aliyepiga. Siku ya tatu waasi wakaanza kukamata wanaume wa kuwabebea mizigo, tonton akajificha visiwani. Mama akachukua fimbo yeye mwenyewe. Kwa wale watu mwanamuke hagusi lokole. Majirani wakapiga kelele, samaki watakasirika, hawataingia ku mitego tena.

"Wakikasirika," mama akajibu, "nitawaomba radhi nikiwa nawakausha."

Akapiga. Muasi mumoja akashuka na bunduki.

"Mama, unaita nani?"

"Mukwe wangu. Iko Ubundu."

"Ubundu! Na atasikia?"

"Atasikia tu. Huyo ni mutu wa telefone."

Jioni nilikaa kwenye kiti changu kando ya matete. Moto wake ulikuwa unalia upande ule.

"Bokilo, umefika."

"Nimefika, mama. Niliposikia tu jina langu, nikasimama nikaondoka."

Nikasikia anapindua samaki, mumoja, wa pili, wa tatu.

"Asante," akasema. Basi.

Ule uongo nilikaa nao miaka karibu makumi ine. Sikumwambia hata muke wangu. Na miaka yote ile, mama mukwe hakuacha kusema habari ya lokole ndogo. Pesa zilibadilika, nchi ikabadilika jina, yeye bado: "Itakuja." Mimi sikucheka tena. Mutu akicheka mbele yangu, nilimwambia: huyu mama akisema kitu kitakuja, wewe tayarisha kiti.

Wakasimamisha munara. Binti yangu, yule aliyezaliwa vitani, sasa ni mama muzima anayefanya biashara ya samaki mpaka Barumbu, alikuwa kati ya watu wa kwanza wa mutaa kununua simu, na ya pili aliyoinunua alimupa bibi yake. Mama mukwe alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Binti anasema aliishika, akaipima kwa kiganja, akanusa. Akaifunga kwenye ncha ya kitenge, pamoja na feza yake. Nilitangaza mimi! Nilizunguka soko muzima, nikasimamisha hata watu nisiowajua: mama mukwe wangu aliiona hii kitu mwaka wa uhuru, na aliiona mpaka fundo la kitenge!

"Tuonyeshe basi," wazee wenzangu wakasema. Tulikuwa tumekaa kwa mama mumoja wa lituma, nyuma ya soko. Nikaazima simu, nikabonyeza namba. Ikalia, ikalia, ikakatika.

"Nabii wako amelala," mumoja akasema.

Nikapiga mara ya pili. Ikalia, ikakatika. Walikuwa wanacheka sasa na mate.

Binti yangu ndiye aliyenieleza kisha mambo ya nyumbani. Kitenge kilikuwa kinalia, bibi ameweka mukono juu yake kama mutu anatuliza mutoto.

"Bibi, ni papa anaita. Jibu!"

"Najua ni yeye. Iache."

"Juu ya nini?"

"Hiyo ni siku ya kwanza," akasema. Ilipolia tena akasema: "Siku ya pili."

Ku lokole, wapenzi wangu, habari inakwenda juu na inarudi chini. Muzee wa Ubundu alikuwa amemujulisha kila kitu, siku kwa siku: siku ya kwanza mutu wako hainui kichwa, siku ya pili hainui kichwa. Na vijiji vyote vya reli vilikuwa vimemwambia ni asubuhi gani nilipita kweli. Alikuwa anajua kabla sijafika, kabla sijakaa kwenye kiti changu na kufungua mudomo.

Mara ya tatu ikafunguliwa. Nikasikia kwanza moto, kisha ile sauti, nyembamba sasa lakini ni ileile.

"Mupanda miti isiyozaa."

"Mama!" Nilipiga kelele, wazee wote wakasogeza viti. "Mama, umeona? Ulisema! Miaka ile yote ulisema!"

"Nilisema. Uko wapi, bokilo?"

Nilitazama sahani yangu. "Niko njiani, mama. Ninakuja kukupongeza."

"Bon," akasema. "Na huko njiani, unakula nini?"